Mkono wa Kushoto Kwanza: Somo la Kinanda kwa Vikundi

Lengo la somo: Kila mwanachama aweze kupiga kwa mkono wa kushoto duru kumi na mbili za mtindo wa bugi-wugi, na kikundi kisitegemee mtu mmoja wala kitufe kimoja.
Muda: Saa mbili, mara moja kwa wiki, kwa wiki sita.
Vifaa: Kinanda kimoja, ubao au maboksi makavu, makaa ya kuchorea, na mzee mmoja anayejua obokano, kama yupo karibu.



Mara nyingi katika ukurasa huu tunaongea juu ya kuku, tenki la maji na daftari la hesabu. Leo tunaongea juu ya kinanda. Tafadhali usifunge ukurasa ukisema hayo ni mambo ya kwaya. Vikundi vingi hapa Kisii na Nyamira vimenunua vinanda kwa jasho lao, na vingi vya vinanda hivyo vimelala. Pesa iliyolala ni shida ya maendeleo, kama vile tenki lisilo na maji.

KISA

Kikundi kimoja tunachokitembelea upande wa Nyamira kilichanga pesa za majani chai kwa miaka miwili, kikanunua kinanda kidogo cha stima. Mpango ulikuwa mzuri: kikodishwe kwa harusi na harambee, na pesa iingie kwa mfuko wa kikundi.

Kijana mmoja tu ndiye aliyejua kukitumia. Na hata yeye, kusema kweli, alijua zaidi kubonyeza kitufe cha mdundo. Si mnakijua? Unabonyeza, ngoma na besi zinajipiga zenyewe, na wewe unafuata wimbo kwa kidole cha mkono wa kulia. Mwaka wa kwanza walikodishwa vizuri. Kisha kijana akapata kazi Nairobi, akaenda. Kinanda kikafungwa kwa leso, kikawekwa chini ya kitanda cha mweka hazina. Huko kikaanza kuzaa maneno. Wengine walitaka kiuzwe. Wengine walisema mama huyo amekifanya chake. Wanachama wanne wakaacha kutoa mchango.

Sisi pia tuna kosa letu hapo. Ndio sisi tuliopitia mpango wao kabla hawajanunua. Tuliuliza bei, tukauliza risiti, tukauliza ni nani atakaa na ufunguo. Hatukuuliza swali moja tu: nani atamfundisha nani?

Mweka hazina huyo alichoka na maneno. Siku moja akakitoa kinanda nje, akakitia mawe ya redio, akaanza kutafuta wimbo kwa kidole kimoja. Jirani yake ni omogaka ambaye katika ujana wake alipiga obokano kwenye sherehe. Mzee akasikiliza, akacheka, akasema kwamba hapo juu kuna maneno lakini chini hakuna ardhi. Akamtuma mjukuu alete obokano. Akakaa kwenye kigoda, akaanza kuzungusha mpigo mmoja wa sauti nzito, tena na tena, bila kuubadilisha. Baada ya huo kukaa sawa ndipo akaanza kuimba juu yake.

Mama akaelewa. Kazi iliyokuwa ikifanywa na kitufe, mzee alikuwa akiifanya kwa vidole vyake. Na kama vidole vya mzee vinaweza, vyake pia vinaweza.

MASWALI YA KWANZA (mjadiliane wawili wawili, dakika kumi)

1. Katika kikundi chetu, ni kazi gani inayojulikana na mtu mmoja tu?
2. Mtu huyo akihama au akiugua kesho, nini kitalala chini ya kitanda?
3. Ni mzee gani karibu nasi anayejua jambo ambalo hatujamwomba atufundishe?

OBOKANO NA BUGI-WUGI

Obokano ni kinubi kikubwa cha Abagusii. Ina nyuzi nane. Bakuli lake la mti limefunikwa kwa ngozi ya ng'ombe, na sauti yake ni ya chini sana, ya kunguruma. Jirani zetu Wajaluo wana nyatiti, ambayo nayo ina nyuzi nane, lakini ni ndogo na sauti yake iko juu zaidi.

Sasa, tulipomsikia mama yule akiiga mpigo wa mzee kwa mkono wake wa kushoto, tulikumbuka mtindo tuliojifunza tukiwa chuoni, kwenye piano ya zamani. Mtindo huo unaitwa bugi-wugi. Ni tawi la bluzi, yaani nyimbo za huzuni na za kujipa moyo za Wamarekani weusi. Hatusemi bugi-wugi ilitoka Kisii, hapana. Waafrika waliouzwa Marekani walitoka hasa Afrika Magharibi na ya Kati. Lakini mpango wa kazi ni mmoja: chini kuna mpigo unaozunguka bila kuchoka, na juu yake kuna mtu anayesimulia.

Mtindo huo ulikua kusini mwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19, katika kambi za wakata mbao na kando ya njia za reli. Katika kambi hizo hapakuwa na bendi. Palikuwa na piano moja, mara nyingi mbovu, na mpigaji mmoja. Mtu huyo mmoja alipaswa kuwa ngoma, besi na mwimbaji. Ndiyo sababu mkono wa kushoto ulifanywa uwe na nguvu hivyo.

Baadaye watu weusi wengi walihamia miji ya kaskazini kama Chicago kutafuta kazi. Kodi za nyumba zilikuwa juu. Basi katika miaka ya 1920 walikuwa na desturi ambayo ninyi mtaielewa mara moja: mpangaji akikosa kodi, aliwaalika majirani, akapika chakula, akamwita mpigaji wa piano, na kila anayeingia akalipa senti kidogo. Asubuhi kodi imepatikana. Hiyo ni nini kama si harambee?

Wapigaji wenyewe walikuwa watu wa kazi za mikono. Jimmy Yancey wa Chicago alipiga piano kwenye sherehe hizo, na kwa miaka mingi riziki yake ilikuwa kutunza nyasi za uwanja wa timu ya besiboli. Mwingine, Pinetop Smith, alirekodi mwaka 1928 sahani iliyobeba jina la mtindo huu, na ikasikika mbali. Miezi michache baadaye, mwaka 1929, aliuawa kwa risasi akiwa na umri wa miaka 24 tu. Wenzake waliokuwa wamejifunza mpigo huo waliendelea nao. Mwaka 1938 mtindo uliozaliwa kambini ulipigwa katika Carnegie Hall, ukumbi mkubwa wa New York. Mpigaji alikufa, mpigo haukufa, kwa sababu ulikuwa kwenye mikono mingi.

JE, HII SI MUZIKI YA VILABU?

Tunajua mtauliza, na ni swali zuri. Kwa miaka mingi Wakristo wengi wa hapa waliiona obokano kama chombo cha vikao vya pombe. Huko Marekani pia, watu wa kanisa waliiona bluzi hivyo hivyo.

Lakini fikirini juu ya Thomas Dorsey. Alizaliwa mwaka 1899, mtoto wa mhubiri, akawa mpigaji wa piano ya bluzi katika vilabu. Mwaka 1932 mke wake alifariki akijifungua, na mtoto akafariki pia. Katika msiba huo alitunga wimbo wa kumwomba Bwana amshike mkono, ambao hata hapa kwetu unaimbwa kwenye mazishi. Wengi wanamwita baba wa nyimbo za injili za Wamarekani weusi. Vidole vilivyopiga bluzi ndivyo vilivyotunga sala hiyo.

Kanisa letu nalo limesema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba muziki wa asili wa watu upewe heshima na nafasi inayofaa. Hata hivyo tusichanganye mambo. Bugi-wugi tunayofundisha leo ni ya harambee, sherehe za kikundi na mafunzo ya vidole. Kuhusu Misa, muulizeni Padri na kamati ya liturujia kwanza.

SASA TUJIFUNZE

Wengi wenu mmeimba kwaya, kwa hiyo tutatumia solfa. Hakuna haja ya kusoma nota za mistari.

Hatua ya 1: Tafuta do.
Angalia vibao vyeusi vya kinanda. Vimekaa kwa makundi: viwili, halafu vitatu, viwili, halafu vitatu. Kibao cheupe kilicho kushoto tu kwa kundi la viwili ndicho do yetu. Chagua ile iliyo upande wa kushoto wa kinanda, penye sauti nzito. Vyeupe vinavyofuata ni re, mi, fa, so, la, ti, kisha do nyingine. Zima kitufe cha mdundo. Usikiguse mpaka wiki sita ziishe.

Hatua ya 2: Mpigo wa mwanzo.
Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikae kwenye do. Kidole cha shahada kikae kwenye so, na gumba kwenye la. Piga do na so pamoja mara mbili, halafu do na la pamoja mara mbili. Rudia. Hesabu kwa sauti: moja-na, mbili-na, tatu-na, nne-na. Vidole vinakwenda hivi:

so so la la so so la la (do ikipigwa chini kila mara)

Hiyo ni duru moja. Piga pole pole, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Mkono ukiuma, pumzika, usikaze bega. Mkiweza kupiga duru ishirini bila kukatika, endeleeni.

Hatua ya 3: Safari ya duru kumi na mbili.
Mpigo haukai mahali pamoja. Unatoka nyumbani, unatembea kwa jirani, unarudi. Nyumbani ni do. Jirani wa kwanza ni fa, na wa pili ni so. Safari nzima ni hii:

Duru 4 nyumbani, kwenye do
Duru 2 kwenye fa
Duru 2 nyumbani, kwenye do
Duru 1 kwenye so
Duru 1 kwenye fa
Duru 2 nyumbani, kwenye do

Jumla ni 12, kisha unaanza tena. Ukiwa kwenye fa, kidole cha mwisho kinakaa fa, na vile vingine vinapiga do na re za juu yake. Ukiwa kwenye so, vinapiga re na mi za juu yake. Umbali kati ya vidole ni ule ule, ni mkono tu umehama. Mwenzako mmoja asimame nyuma akitaja kwa sauti: "Nyumbani! Fa! Nyumbani!" kama utingo wa matatu.

Hatua ya 4: Mpigo wa kutembea.
Hatua ya tatu ikikaa sawa, jaribu mpigo huu, kibao kimoja kimoja:

Nyumbani: do mi so la ta la so mi
Kwenye fa: fa la do re ma re do la
Kwenye so: so ti re mi fa mi re ti

Wanakwaya wanajua kwamba ta ni ti iliyoshushwa kidogo, na ma ni mi iliyoshushwa. Zote mbili ni vibao vyeusi. Ta ni cha kulia kabisa katika kundi la vitatu, na ma ni cha kulia katika kundi la viwili. Duru ya so haina kibao cheusi hata kimoja.

Vidole kwa duru ya nyumbani: cha mwisho kwenye do, cha kati kwenye mi, cha shahada kwenye so, gumba kwenye la. Halafu shahada inavuka juu ya gumba na kugusa ta. Kisha mnarudi njia ile ile mliyokuja. Mwanzoni kuvuka huku kunasumbua. Hata sisi kulitusumbua wiki nzima.

Mkishaweza, acheni kupiga sawasawa kama saa ya ukutani. Ifanyeni "moja" iwe ndefu kidogo na "na" iwe fupi, kama mtu anayechechemea kwa furaha. Hapo ndipo watu wataanza kutikisa vichwa.

Hatua ya 5: Mkono wa kulia.
Msiharakishe kufika hapa. Mkono wa kulia uanze na sauti tatu tu: do, ma na so. Bluzi huimbwa hivi: unasema jambo, unalirudia, halafu unatoa jibu. Jambo ni duru nne, kurudia ni duru nne, jibu ni duru nne. Basi mkono wa kulia useme kidogo, unyamaze, uusikilize mkono wa kushoto, halafu useme tena. Ni kama kiongozi na waitikiaji. Mkono wa kulia ukipotea, unyamaze. Wa kushoto usisimame kamwe.

KINANDA KIMOJA, WATU KUMI NA WAWILI

Msiseme kinanda hakitoshi. Fanyeni hivi:

- Chukueni ubao au boksi, mchore vibao kwa makaa kwa ukubwa ule ule wa kinanda. Kila mtu awe na chake. Vidole vinajifunza njia hata bila sauti.
- Kila mtu apate dakika kumi kwenye kinanda chenyewe, na zamu ziandikwe kwenye daftari. Wengine wakati huo wanapiga ubaoni na kuimba solfa.
- Anayejua hatua ya pili amfundishe mwenzake kabla ya kupewa hatua ya tatu. Hii ndiyo sheria kubwa ya somo hili.
- Wanawake wapewe zamu sawa na vijana, na kwa saa wanazoweza, si jioni wakati wa kupika.
- Kinanda kikirudi kwa mweka hazina, watu wawili watie sahihi. Maneno yatapungua.

NA MZEE WA OBOKANO?

Msimsahau. Mtu aliyezungusha mpigo miaka arobaini anajua jambo ambalo karatasi hii haiwezi kuwaambia: jinsi ya kupiga muda mrefu bila kukimbia na bila kulala. Mwalikeni. Mpeni kiti kizuri. Mlipeni pia, hata kama ni kidogo, kutoka kwa mfuko wa kikundi, na muandike kwenye daftari kama gharama ya mafunzo. Mtaalamu akitoka mjini tunamlipa bila swali. Kwa nini mzee wetu apewe chai peke yake? Mkimwomba ruhusa, mmoja wenu amrekodi kwa simu, lakini msiridhike na simu. Simu haifundishi mkono.

Yule mzee wa kisa chetu alikuja Jumapili nne. Ya tano miguu yake ilikataa. Kikundi kikaenda kwake kikibeba sukari na majani chai, kikakaa uani, na somo likaendelea. Anafundisha akiwa amelala, akipiga mpigo kwa vidole kwenye ubao wa kitanda. Mpaka sasa watu saba wa kikundi wanajua mpigo wa kwanza, na wawili kati yao, mama mweka hazina akiwa mmoja, wanaweza safari nzima ya duru kumi na mbili. Mjukuu ndiye anayekaza nyuzi za obokano. Wanachama watatu kati ya wale wanne wamerudi. Kinanda hakijaleta pesa nyingi bado, lakini hakilali tena chini ya kitanda.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkono wa kulia ndio unaosifiwa na watu, lakini ukiondoa wa kushoto wimbo wote unaanguka. Katika kikundi, mkono wa kushoto ni mchango wa kila wiki, daftari lililoandikwa, mkutano unaoanza kwa saa yake. Hakuna anayepiga makofi kwa hayo. Na mkono huo hauwezi kununuliwa dukani ukiwa na kitufe. Unafundishwa, mtu kwa mtu.

MASWALI YA MWISHO

1. Mkono wa kushoto wa kikundi chetu ni nini? Je, umewahi kusimama? Kwa sababu gani?
2. Kuna kitu tulichonunua bila kuuliza nani atamfundisha nani? Tufanye nini nacho sasa?
3. Nani ataenda kumwona mzee, siku gani, na atabeba nini?

KAZI YA WIKI HII: Chora vibao kwenye boksi. Piga hatua ya pili kila jioni kwa dakika kumi. Mfundishe mtu mmoja wa nyumbani kwako. Na swali la tatu hapo juu lijibiwe kwa jina na tarehe, kabla mkutano haujafungwa kwa sala.

Mungu awabariki katika kazi ya mikono yenu, wa kushoto na wa kulia.